Mdogo wangu kasingiziwa wizi, kapigwa na watu, simu imepatikana: tunaanzia wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Morogoro, nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo wakili. Mdogo wangu wa kiume anaendesha bodaboda. Siku ya gulio alimshusha abiria akawa anasubiri mwingine, mama mmoja muuza mitumba akapiga kelele kaibiwa simu, kijana mmoja akamnyooshea kidole mdogo wangu akasema ni huyu. Wamempiga fimbo na mawe, wamemvunja mkono, kuna mtu alishaenda kununua petroli kwenye chupa, mwenyekiti wa kijiji ndo akamuokoa. Polisi wakamweka ndani siku tatu. Siku ya tatu simu ikapatikana, kumbe mtoto wa yule mama aliondoka nayo. Akaachiwa bila karatasi yoyote. Sasa hivi picha yake akiwa na damu inazunguka kwenye magrupu wameandika MWIZI, abiria wanamkwepa. Ndugu za yule mama wameleta laki moja wanasema yaishe. Baba anasema tumwachie Mungu. Mimi roho inaniuma. Sheria inasemaje na tumshtaki nani?"

Marahaba dada, na pole sana. Nashukuru yupo hai, na nasema hivyo kwasababu kwenye mashauri mengi ya namna hii anayekuja kukaa mbele yangu ni mjane au mama mzazi, mwenyewe kashazikwa, na hiyo pochi au simu iliyoanzisha yote hakuna hata mmoja anayejua iliishia wapi.

Kuna kitu nakuomba ukishike kuliko vingine vyote nitakavyoandika hapa. Ujumbe wako mzima umehangaika kunionyesha kwamba mdogo wako hakuiba. Nakuelewa, hata mimi ningekuwa ndugu yake ningeanzia hapo hapo. Lakini kisheria kupigwa kwake ni kosa hata kama angekuwa ameiba kweli, tena hata kama angekamatwa na simu mfukoni. Hizi ni kesi mbili tofauti kabisa, kuna ya wizi ambayo imeshakufa yenyewe, na kuna ya kushambuliwa na kuvunjwa mkono ambayo haijafunguliwa na mtu yeyote mpaka leo. Familia nyingi zinakosea hapa hapa, wanaenda kituoni wanaanza "afande simu imepatikana, kijana wetu hakuiba", afande anajibu basi si tumeshamwachia, nendeni salama, na yeye kwa upande wake anaona kazi imeisha. Nenda useme "nimekuja kufungua kesi ya kushambuliwa na kujeruhiwa." Hadithi ya simu itakuja baadae ukiulizwa chanzo.

Nikwambie msingi wake ili mtu asikuyumbishe. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike ana hatia, na (e) ya hapo hapo inakataza kuteswa na kupewa adhabu za kinyama au za kudhalilisha. Ibara ya 14 ni haki ya kuishi. Sasa angalia hata Kanuni ya Adhabu yenyewe, Sura ya 16, wizi wa kawaida kifungo chake cha juu ni miaka saba, hakuna kifo pale, hakuna kuvunjwa mkono pale, yaani hata Jaji wa Mahakama Kuu aliyesikiliza ushahidi wote akaridhika kwamba huyu ndiye mwizi hana mamlaka ya kumuua mwizi wa simu wala kumchapa jiwe moja, sasa wale waliokuwa gulioni hayo mamlaka waliyatoa wapi?

Mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kukamata, hilo watu wengi wanalijua nusu nusu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu mtu yeyote kumkamata anayetenda kosa mbele ya macho yake. Lakini sheria hiyo hiyo inamwambia amkabidhi polisi bila kuchelewa, na nguvu atakayotumia iwe ile tu ya kumzuia asikimbie. Mtu ameshadhibitiwa, amekaa chini, wameshamzunguka watu arobaini, fimbo inayofuata hapo haina uhusiano wowote na kumkamata. Na hii inawabana sungusungu na polisi jamii vile vile, kuvaa kizibao hakumpi mtu ruhusa ya kupiga.

Haya tuje kwenye cha kufanya, na kifanyike wiki hii kwasababu mfupa unapona na ushahidi unapotea nao.

Kama hamkuchukua PF3, nendeni kituoni mkachukue, ile fomu ya polisi namba tatu ambayo daktari anaijaza majeraha yote. Ni bure, kama RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yako kituoni, ilivyo bure, kama dhamana ilivyo bure. Kama alitibiwa kwanza bila PF3 hiyo sio dhambi, mtu akiwa hali mbaya anatibiwa kwanza karatasi zinafuata, kachukueni na kumbukumbu za hospitali, picha ya eksirei, risiti za dawa, hata zile za panadol, zote kwenye bahasha moja. Nguo alizovaa siku ile kama bado zina damu msizifue. Picha za majeraha mpigeni leo na mpigeni tena baada ya wiki.

Alafu maelezo ya polisi. Hapa ndo kesi nyingi za kundi la watu zinafia, na inaniuma kwasababu ni kitu ambacho kingeweza kuzuilika. Mlalamikaji anafika kituoni amechoka, anaandikisha "nilishambuliwa na wananchi wenye hasira kali", basi. Wananchi wenye hasira kali hawana jina, hawana nyumba, hawawezi kupandishwa kizimbani. Mdogo wako anaendesha bodaboda eneo lile lile kila siku, anawajua watu. Amtaje kila aliyemtambua kwa jina, au jina la utani, au "yule anayeuza nyanya karibu na mashine ya kusaga", alivaa nini, alishika nini, alisimama umbali gani, ilikuwa saa ngapi, alikuwa anamfahamu kwa muda gani kabla. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi sana kwamba shahidi aliyemtaja mtuhumiwa mapema, kwenye nafasi ya kwanza kabisa, anaaminika, na yule anayeanza kukumbuka majina miezi sita baadae mahakamani anatiliwa shaka kubwa. Mmebahatika kwamba ilikuwa mchana na ni watu anaowafahamu, maana utambuzi wa usiku kwa tochi na vurugu ile mawakili wa utetezi wanaubomoa kirahisi sana. Na asimtaje ambaye hana uhakika naye. Narudia hilo, asimtaje mtu kwa kusikia, wala kwa sababu wana ugomvi wa zamani, tutakuwa tunamfanyia mtu mwingine kile kile alichofanyiwa yeye.

Mwenyekiti wa kijiji ni shahidi wako namba moja. Aliona nani alikuwa na fimbo, aliona chupa ya petroli, na ni mtu ambaye hakuwa upande wowote. Mwendeeni kwa heshima, nendeni na baba, mumshukuru kwanza kwa kuokoa roho ya mtu maana angeweza kujifungia ndani kama wengine wanavyofanya, alafu mumuombe aandikishe maelezo. Na kama kuna mtu alirekodi video, mtafuteni yule mwenye simu iliyorekodi, sio aliyeforwadiwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa video mahakamani lakini itaulizwa imetoka kwenye kifaa gani, nani alirekodi, na imehifadhiwaje, kwaiyo video iliyozunguka kwenye magrupu kumi na kukatwa katwa ina nguvu ndogo kuliko ile iliyobaki kwenye simu ya aliyerekodi.

Sasa nani ashtakiwe. Umeniuliza kana kwamba ni mtu mmoja tu, hapana.

Waliopiga ni wa kwanza. Watu wanadhani wakipiga wengi hakuna anayeshikika kwasababu haijulikani fimbo ya nani ilivunja mkono, na wengine wanajiunga kwa imani hiyo hiyo, kwamba kwenye kundi mtu hana sura. Kanuni ya Adhabu ina kitu kinaitwa nia ya pamoja: mkishirikiana kutekeleza jambo haramu na likazaa kosa ambalo lingetarajiwa kutokea, kila mmoja wenu anahesabika ametenda kosa lile. Hamkuhitaji kukaa kikao, nia hiyo inaweza kuzaliwa pale pale gulioni kwa dakika mbili. Aliyerusha jiwe moja, aliyemshika miguu, aliyesema "msimwache", na yule aliyekwenda kununua petroli. Huyo wa petroli ningependa polisi wamhoji vizuri sana, maana aliyeondoka, akalipa hela, akarudi na chupa, alikuwa na muda wa kufikiri, hasira ya ghafla haimsaidii. Shambulio la kusababisha madhara mwilini linaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka mitano, na mfupa uliovunjika unaweza kulipandisha kuwa la kudhuru vibaya ambalo ni zito zaidi. Na mdogo wako angefariki, waliotambuliwa wangekuwa wanajibu kesi ya mauaji, adhabu yake ni kunyongwa, na hata ikishuka kuwa kuua bila kukusudia bado inafika kifungo cha maisha. Kuna vijana wako gerezani leo kwasababu walikuwa wanapita wakasikia mwizi mwizi wakaokota jiwe, hawakujua hata kilichoibiwa.

Aliyenyoosha kidole. Huyu inategemea. Je aliona kitu? Alimfananisha? Au alikuwa na lake, labda ugomvi wa kugombea abiria? Kama alijua anasema uongo na akaurudia kwa polisi, kutoa taarifa ya uongo kwa mtumishi wa umma ukijua ni uongo ni kosa la jinai. Kama alikosea kwa nia njema, sheria haimfungi mtu kwa kukosea kutambua. Lakini kama baada ya kunyoosha kidole naye akapiga, nia njema yake inaishia kwenye fimbo ya kwanza.

Yule mama nitakuwa mkweli kwako hata kama hutapenda. Kupiga kelele "nimeibiwa" wakati kweli huoni simu yako sio kosa. Aliamini kaibiwa. Hatutaki tufike mahali mtu akiibiwa aogope kusema, wengi wanaoibiwa magulioni ni akina mama kama yeye na simu ile ndo duka lake, ndo akiba yake. Swali ni alifanya nini baada ya hapo. Alisema mpigeni? Alisema mchomeni? Alisimama akaangalia wakati angeweza kusema "jamani sina uhakika"? Kuchochea ni kushiriki, kunyamaza ni jambo la dhamira yake zaidi kuliko la mahakama. Kwaiyo ulizeni walioshuhudia kabla hamjamuweka kwenye orodha.

Kuhusu siku tatu mahabusu. Sheria inataka mtu aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na ikishindikana, kwa kosa ambalo sio zito, apewe dhamana ya polisi. Wizi wa simu unadhaminika. Angalau alitakiwa aambiwe kosa lake, aruhusiwe kuwasiliana na ndugu au wakili, na mtu mwenye mkono uliovunjika alitakiwa hospitali kabla ya selo. Nitakupa upande wa pili pia: wakati mwingine polisi wanamweka mtu ndani kwasababu nje kuna watu wanamsubiri, na pale kituoni ndo mahali pekee pa usalama. Inaweza kuwa hivyo kwa usiku wa kwanza. Kwa siku ya pili na ya tatu inahitaji maelezo. Andikeni barua ya malalamiko kwa mkuu wa polisi wa wilaya, OCD, mbakie na nakala iliyogongwa muhuri, muombe mambo mawili, maelezo ya kwanini alikaa siku tatu, na uthibitisho wa maandishi kwamba jalada la wizi limefungwa. Hiyo karatasi ya pili ni muhimu mno, ndo itakayomsafisha huko mbele. Wakikaa kimya mpande kwa kamanda wa polisi wa mkoa, RPC, au mpeleke kwenye Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo huhitaji kulipa wala kuwa na wakili. Mkitaka kuidai Serikali fidia mahakamani inawezekana, ila lazima kwanza mtoe notisi ya siku 90 na Mwanasheria Mkuu aunganishwe, ni safari ndefu, nakwambia ili ujue.

Kuna mtu atakushauri mfungue kesi ya madai ya kushtakiwa kwa hila. Mahakama zetu kwa miaka mingi, kuanzia uamuzi unaotajwa sana wa 1983, zinataka vitu vitano vyote kwa pamoja: kwamba mdaiwa ndiye aliyesababisha ushtakiwe, kesi iliisha kwa upande wako, hakukuwa na sababu ya msingi ya kukushtaki, kulikuwa na nia mbaya, na umepata hasara. Mdogo wako hakufikishwa mahakamani, kwaiyo mguu wa kwanza tu unayumba, na nia mbaya ya yule mama sijaiona. Nisingewapeleka huko. Mlango wenu kwa upande wa madai ni shambulio, kuzuiliwa isivyo halali, na kashfa. Na kabla ya hata kufungua kesi ya madai, kumbukeni kwenye kesi ya jinai mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza kumuamuru alipe fidia kwa aliyeumizwa, kwaiyo zile risiti kwenye bahasha mpeni mwendesha mashtaka na mumuombe aiombe hiyo amri, wengi hawaombi kwasababu hakuna aliyewakumbusha.

Picha sasa. Hii inaweza kumuumiza kuliko mkono, mkono utapona. Kumuita mtu mwizi hadharani ni kumtuhumu jinai, ni kashfa. Kuiweka mtandaoni huku unajua sio kweli kunaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwenye taarifa za uongo, faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Ugumu upo kwenye "unajua", wengi waliosambaza siku ile hawakujua. Ndo maana nasema mfanye hivi: piga skrini shoti ya kila post ikionyesha jina, namba na tarehe, alafu mtumieni admin wa kila grupu ujumbe wa heshima wenye ile barua ya polisi au maelezo ya mwenyekiti kwamba simu imepatikana, muombe ifutwe na itumwe taarifa ya kusahihisha kwenye grupu lile lile. Baada ya hapo hakuna anayeweza kusema hakujua. Atakayeendelea kuibakiza au kuisambaza, huyo unaye. Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 yenye Tume yake, picha ya mtu aliyeumizwa na jina lake sio mali ya grupu.

Nitoke kidogo kwenye kesi yenu, maana nataka baba naye asome hii.

Oktoba 2016 kule Iringa-Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji, wakachomwa na gari lao. Walikuwa wamekuja kuchukua sampuli za udongo. Kikazuka kilio kwamba ni wanyonya damu. Watu watatu waliotoka nyumbani kwao kwenda kusaidia wakulima. Agosti 2021 kule Kitengela, kaunti ya Kajiado nchini Kenya, ndugu wawili, vijana wa tumbo moja, walikuwa na pikipiki zao tu, wakadhaniwa wezi wa mifugo, wakauawa wote wawili siku moja. Kisii mwaka 2008 walichomwa wazee kumi na moja kwa tuhuma za uchawi. Na hapa kwetu Usukumani miaka na miaka mabibi wameuawa kwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia maisha yao yote, wakati Sheria ya Uchawi ambayo ipo tangu ukoloni inafanya kumtaja mtu mchawi kuwa kosa lenyewe. Ukisoma matukio yote hayo unakuta aliyetuhumu ni mmoja, waliouliza "una uhakika?" hawapo, na waliopiga ni mia.

Ninapoongea na watu mitaani wananiambia wakili, sisi tunapiga kwasababu tukimpeleka polisi kesho tunamuona mtaani. Siwezi kuwaambia hawana hoja, wapo waliotoka kwa rushwa na kila mtu anajua. Lakini mara nyingi aliyemuona mtaani kesho yake ametoka kwa dhamana, na dhamana sio kuachiwa huru, kesi yake bado ipo, anaripoti, ana wadhamini waliosaini, na siku ya hukumu anaweza kwenda jela kutokea pale pale mahakamani. Hili halijafundishwa. Ningetamani kila mwenyekiti wa mtaa alisome kwenye mkutano wa hadhara, maana watu wamekufa kwasababu ya kutokujua dhamana ni nini. Na kuna jingine: mara nyingi mwizi halisi anakuwa ndani ya lile lile kundi, anapiga kelele kuliko wote. Mkimuua mtu, upelelezi wa wizi nao umeishia hapo, aliyeiba kweli hatafutwi tena.

Umeniuliza kwa ujumbe wa pili ufanye nini ukikuta inatokea kwa mtu mwingine. Piga 112 kabla ya kufanya chochote, taja eneo kwa alama inayojulikana. Tuma mtoto au bodaboda amfuate mwenyekiti, mjumbe, shekhe, mchungaji, mtu yeyote mwenye sauti pale. Usijitupe katikati peke yako. Mkiwa wawili watatu mnaweza kuuliza kwa sauti "aliyeibiwa ni nani? yuko wapi? kaibiwa nini?", mara nyingi utashangaa mwenye mali hayupo au anaanza kusita, na ile sekunde ya kusita inaokoa. Msiseme "muacheni", watawaona mpo upande wa mwizi, semeni "tumpeleke kituoni". Na ukiwa wewe ndo umenyooshewa kidole, usikimbie porini wala vichochoroni, kukimbia kunathibitisha kwenye vichwa vyao. Ingia dukani, msikitini, ofisi ya kijiji, zahanati, popote penye mlango na mtu mzima, jitaje jina na kwenu kwa sauti, omba uitiwe polisi. Wakikulazimisha ukiri ili waache kupiga, ukakiri, hayo maungamo kisheria hayana thamani, maungamo yanatakiwa kuwa ya hiari, kwaiyo hata kama mdogo wako siku ile alisema "ndiyo nimechukua" huku damu inamtoka asilale anajilaumu kwa hilo. Kituoni asisaini maelezo ambayo hajasomewa.

Hela ya wakili isiwatishe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, wapo mpaka wilayani, wanaandika barua na kuwasindikiza bure. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, wanapokea watu, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, pia, na ile Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023. Ulizeni kwa afisa ustawi wa jamii au afisa maendeleo wa kata awaelekeze aliye karibu.

Ile laki moja. Msiipokee bado, na kama mmeshaipokea msiitumie. Sikatai kupatana, kwa mashambulizi madogo sheria yenyewe inairuhusu mahakama kuwahimiza watu wapatane na kulipana fidia, na kijijini mtaendelea kuchota maji kisima kimoja. Ila mkono uliovunjwa na petroli iliyonunuliwa sio shambulio dogo, na kesi ya jinai ni ya Jamhuri, sio ya familia mbili kuifuta chini ya mwembe. Tena angalieni karatasi watakayowaletea msaini, mara nyingi ndani yake kuna sentensi kwamba "hatuna madai yoyote dhidi ya mtu yeyote", mkisaini hiyo laki moja imewanunua mpaka wale waliopiga ambao hawajatoa hata mia. Kama yule mama ana uchungu wa kweli kuna kitu kikubwa anaweza kuwapa kisichohitaji hela: siku ya gulio, pale pale, mbele ya mwenyekiti na watu wale wale, aseme kwa mdomo wake simu yake aliondoka nayo mwanawe na huyu kijana hakuichukua. Waiandike kwenye muhtasari wa kijiji, muhuri ugongwe, nakala ibandikwe kwenye kijiwe cha bodaboda. Hilo ombeni hata kesho.

Baba mwambieni nimemwelewa. Kumwachia Mungu hakumzuii mtu kuandikisha maelezo polisi. Anaweza kusamehe moyoni na bado mtoto akasimama mahakamani akasema nani alimvunja mkono, hasa huyo wa petroli, kwasababu huyo bado yupo gulioni kila wiki. Jumatatu asubuhi nendeni watatu, wewe, mdogo wako na mwenyekiti kama atakubali, mbebe bahasha, muombe RB ya shambulio la kujeruhi, na namba yake muiandike sehemu mbili.